Hasira ya Neva na Hasira ya Damu

Mwili wa binadamu hupeleka amri zake kwa njia mbili. Ya kwanza ni neva, nyuzi zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda kwenye misuli, tezi na viungo vya ndani kimoja kimoja. Ya pili ni damu, ambamo tezi humwaga homoni zikazunguka mwili mzima. Mtu anapokasirika njia zote mbili hufanya kazi, naye hawezi kuzitenganisha kwa kujisikia tu. Lakini haziendi kwa kasi moja, hazifiki mahali pamoja wala haziishi wakati mmoja. Tofauti hiyo inagusa swali ambalo dini, falsafa na sheria zimelishughulikia tangu zamani: ni wakati gani hasira inaacha kuwa jambo lililompata mtu, ikawa tendo lake mwenyewe ambalo ataulizwa?

Ishara ya neva ni badiliko la umeme linalokimbia juu ya utando wa seli. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima kasi yake kwenye neva ya chura na kupata takriban mita 27 kwa sekunde, wakati ambapo wataalamu wengi waliamini haipimiki. Neva nene za binadamu, zenye ala ya mafuta, hupitisha ishara kwa kasi inayozidi mita 100 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na ala, kama zile za mwisho zinazoingia kwenye moyo na mishipa ya damu, huenda kiasi cha mita moja kwa sekunde, na kwa safari fupi ya ndani ya kifua mwendo huo unatosha kabisa. Uzi unapokoma, ishara humwaga kemikali. Kemikali hiyo hugusa vipokezi vya seli iliyo jirani, kisha huvunjwa au hunyonywa palepale. Kwa hiyo amri ya neva ina anwani yake, na hukoma karibu mara tu ubongo unapoacha kuituma.

Tezi za adrenali ni mbili, moja juu ya kila figo, na kila moja ina uzito wa gramu nne au tano hivi. Bartolomeo Eustachi alizieleza katika karne ya 16, lakini kazi ya tezi hizo ilibaki fumbo kwa karibu miaka 300. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London aliandika juu ya wagonjwa waliodhoofika mpaka kufa huku ngozi yao ikigeuka rangi, na maiti zao zilipochunguzwa tezi hizo zilikutwa zimeharibika. Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard alionyesha kwamba mnyama akiondolewa zote mbili hufa. Kwa kweli kila tezi ni viungo viwili vilivyofungwa pamoja. Ganda la nje hutengeneza kotisoli na homoni nyingine za jamii yake. Kiini cha ndani hutengeneza adrenalini kwa wingi na noradrenalini kidogo.

Kiini hicho kina nasaba ya kushangaza. Mimba ikiwa changa, seli zake huchipuka kutoka chimbuko lile lile la neva za simpathetiki, yaani neva zinazouandaa mwili kwa dharura. Ni seli za neva ambazo hazikuota nyuzi: zinapokea amri ya uti wa mgongo kama dada zao, lakini badala ya kumwagia kemikali jirani mmoja, huimwaga kwenye damu. Mwili haukuumba mifumo miwili isiyojuana. Ulichukua neva ukaifanya tezi.

Wataalamu walichelewa kuliona hilo. Mwaka 1894 George Oliver na Edward Schäfer waligundua kwamba majimaji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi hizi, yakidungwa kwa mnyama, hupandisha shinikizo la damu kwa nguvu kubwa. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameipata adrenalini ikiwa safi, katika fuwele. Miaka mitatu baadaye Thomas Elliott wa Cambridge alikisia kwamba huenda neva nazo humwaga kitu cha namna hiyo kila ishara inapofika mwisho wa uzi. Mwaka 1921 Otto Loewi alitumia mioyo miwili ya vyura kuthibitisha kwamba neva kweli husema kwa kemikali: majimaji yaliyopita kwenye moyo ambao neva yake ilisisimuliwa yaliubadilisha mwendo moyo wa pili ambao haukuguswa. Hatimaye, mwaka 1946, Ulf von Euler wa Uswidi alitambua kwamba kemikali ya neva za simpathetiki ni noradrenalini, dutu ile ile inayopatikana katika tezi.

Kwa hiyo molekuli moja huwa ishara ya neva ikimwagwa kwenye mwanya kati ya seli mbili, na huwa homoni ikimwagwa kwenye damu. Tofauti iko katika namna ya kufikishwa. Neva ni mjumbe anayebisha hodi kwenye nyumba moja na kurudi. Homoni ni mbiu ya mgambo, inayosikika mji mzima na kuitikiwa na kila inayemhusu, na aliyeipiga hana namna ya kuirudisha ndani ya pembe.

Anayehusika na asiyehusika huamuliwa na vipokezi. Adrenalini hushika barabara vipokezi vinavyoitwa beta-2, ambavyo noradrenalini huvigusa kwa udhaifu tu. Ndiyo sababu adrenalini hupanua njia za hewa za mapafu, ambako nyuzi za simpathetiki ni haba, huliamuru ini kuachia sukari, na hufungua mishipa ya damu ndani ya misuli. Noradrenalini ya neva hubana mishipa ya ngozi na ya tumbo, uso ukapauka na usagaji wa chakula ukapungua. Mboni kutanuka na nywele kusimama ni kazi ya neva hasa. Jasho la viganja lina mambo yake: huamriwa na neva za simpathetiki, lakini kemikali inayotumika hapo ni asetilikolini. Usemi wa mitaani kwamba adrenalini imempanda mtu unayabeba haya yote kwa jina moja na kuficha kwamba yana vyanzo mbalimbali, na, lililo muhimu kwa swali lililopo, muda mbalimbali.

Hakuna mahali ambapo tofauti hii ya muda huonekana wazi kama kwa mtu aliyepandikizwa moyo. Christiaan Barnard alifanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Katika upasuaji wa namna hiyo mishipa ya damu hushonwa, lakini neva zilizokatwa haziwezi kuungwa. Moyo mpya huendelea kudunda wenyewe, kwa kuwa chanzo cha mapigo kimo ndani yake, tena hudunda haraka: mara 90 hadi 110 kwa dakika hata mwenyewe akiwa amepumzika, maana neva ya vagasi iliyokuwa ikiutuliza haipo tena. Mtu huyo akianza kupanda ngazi, moyo hauitikii papo hapo. Dakika hupita, adrenalini ikajaa kwenye damu, ndipo mapigo yanapopanda. Akifika juu na kuketi, moyo unaendelea kwenda mbio kwa muda kana kwamba ngazi hazijaisha, hadi homoni ipungue. Kwa sababu hiyo wagonjwa hawa hufundishwa kuanza mazoezi polepole na kuyamaliza polepole. Kwa baadhi yao, miaka ikipita, nyuzi chache huota upya na mwitikio wa haraka hurudi kiasi.

Moyo huo unafundisha mambo mawili. Kwanza, papo kwa papo ni kazi ya neva, na kuchelewa kutulia ni kazi ya damu. Kwa watu wengine mambo haya yamechanganyika mno yasiweze kuonekana. Pili, anayeishi na moyo wa namna hiyo hajapoteza uwezo wa kukasirika. Akitukanwa, anajua ametukanwa kabla moyo haujabadili mwendo.

Adrenalini iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya dakika mbili au tatu. Kotisoli ina saa yake nyingine. Amri ya kuitoa hupita vituo vitatu: haipothalamasi kwenye ubongo, tezi ya pituitari chini yake, kisha ganda la adrenali. Kiwango chake hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya kisa, na nusu yake huchukua saa moja au zaidi kuondoka. Tena kotisoli huingia ndani ya seli na kubadilisha ni jeni zipi zisomwe, kwa hiyo matokeo yake huweza kuanza wakati mgogoro umeshasahaulika na kudumu kwa saa nyingi. Adrenalini hupenya kwa shida sana kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, kotisoli hupenya. Kwa njia hii hasira ya mchana huweza kuacha alama katika usiku wa mtu, katika usingizi wake na katika wepesi wake wa kuudhika kesho yake.

Sasa swali lenyewe. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu roho, aliona kwamba hasira huelezwa na watu wawili kwa namna mbili: mtu wa hoja atasema ni tamaa ya kulipiza, na mchunguzi wa maumbile atasema ni kuchemka kwa damu kuzunguka moyo. Yeye mwenyewe hakuridhika na maelezo ya upande mmoja. Waliokuja baadaye walivuta kila mmoja upande wake. Mwaka 1884 William James, na mwaka uliofuata Carl Lange wa Denmark, walifundisha kwamba mwili hutangulia: moyo hudunda, misuli hukaza, na kuyahisi mabadiliko hayo ndiko kukasirika kwenyewe. Walter Cannon wa Harvard, ambaye mwaka 1915 alikuwa amechapisha kitabu kinachoonyesha jinsi tezi za adrenali zinavyoandaa mwili kwa vita au mbio, aliipinga nadharia hiyo mwaka 1927. Mojawapo ya hoja zake ni ya saa: viungo vya ndani huitikia polepole mno kuweza kuwa chanzo cha hisia inayozuka mara moja. Nyingine ni kwamba mabadiliko hayo hayo hutokea katika hofu, katika ghadhabu, hata katika homa na baridi kali.

Gregorio Marañón wa Hispania alikuwa ametoa ushahidi mzito zaidi mwaka 1924. Aliwadunga watu adrenalini. Wengi walihisi mapigo na kutetemeka, basi. Wengine walisema wanajisikia kana kwamba wanaogopa, ingawa hawakuona cha kuogopa. Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer walijaribu kuonyesha kwamba anayedungwa bila kuambiwa atachukua hisia ya mazingira aliyomo, akawa na furaha kati ya wenye furaha na hasira kati ya wenye hasira. Waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo yenye nguvu ile. Lililosimama imara ni lile la Marañón. Damu inaweza kuleta joto lote la hasira, lakini haiwezi kuleta mkosaji. Hasira daima humhusu fulani aliyefanya jambo fulani, na hukumu hiyo, kwamba amenidhulumu na haikupasa, haimo kwenye sindano.

Hukumu hiyo huingia lini? Seneca, aliyeandika juu ya hasira katika karne ya kwanza huko Roma, aliona hatua tatu. Ya kwanza si ya hiari: mshtuko unaomkumba mtu kabla hajafikiri. Ya pili ni ya ridhaa: akili inakubali kwamba kosa limetendeka na kwamba kulipiza kunafaa. Katika ya tatu akili imeshapinduliwa. Aulus Gellius anasimulia juu ya mwanafalsafa wa Kistoa aliyepauka uso melini wakati wa dhoruba. Alipoulizwa baadaye, alijibu kwa mafundisho ya Epictetus kwamba mshtuko wa kwanza humpata hata mwenye hekima. Kosa ni kuukubali kuwa kweli. Kupauka kwake, kwa elimu ya leo, kulikuwa kazi ya neva za mishipa ya ngozi.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi katika mlango wa hasira wa kitabu chake, Ihya. Alieleza kwamba damu ya moyo huchemka ili kutafuta kisasi. Mtu akimkasirikia aliye chini yake, damu hutanda na uso huwa mwekundu. Akimkasirikia aliye juu yake na kukata tamaa ya kulipiza, damu hukimbia ngozi na uso hupauka. Maarifa yake ya mwili ni ya zama zake, lakini jicho lake ni kali: aliona kwamba mwili wa hasira hufuata namna mtu anavyoupima uwezo wa mwenzake. Wala hakutaka hasira ifutwe. Kukosa hasira kabisa alikuhesabu kuwa upungufu, na alichodai ni itawaliwe na akili na dini.

Mafundisho ya Mtume Muhammad kuhusu jambo hili yanagusa mwili moja kwa moja. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, aliyekasirika akiwa amesimama anaagizwa aketi, na hasira isipomtoka, alale. Haifai kuigeuza hadithi kuwa kitabu cha fiziolojia, lakini ni kweli kwamba kusimama kunahitaji kazi zaidi ya neva za simpathetiki, na kiwango cha noradrenalini kwenye damu ya aliyesimama hukaribia mara mbili ya kile cha aliyelala. Katika hadithi nyingine kadhi anakatazwa kuhukumu kati ya watu wawili akiwa na hasira, na wanavyuoni wakaliongeza katazo hilo hadi kwa njaa na kiu kali. Kadhi haambiwi kwamba amefanya dhambi kwa kukasirika. Anaambiwa asubiri.

Ibn al-Qayyim, katika karne ya 14, aliandika risala nzima juu ya talaka ya mtu mwenye hasira. Aligawa hasira katika daraja tatu. Mwanzoni mtu bado anajua asemalo, na talaka yake inapita. Katika kilele hajui asemalo, na talaka haipiti. Katikati, hasira imemzidi lakini haijamwondolea fahamu, na hapo ndipo wanavyuoni wanapotofautiana. Yeye alielekea kusema kwamba haipiti. Sheria ya jinai nayo imefika kwenye uwanja huo huo. Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya, zenye asili ya sheria ya Kiingereza, humpunguzia kosa aliyeua baada ya kuchokozwa ghafla, mradi alitenda kabla ya kupata muda wa hasira yake kupoa. Ibn al-Qayyim anapima kina cha hasira. Sheria inapima muda wake.

Fiziolojia haiwezi kusema nani ana hatia, ila inasahihisha picha moja iliyozoeleka: kwamba hasira ni kitu kimoja kinachojaa na kupungua chenyewe. Kwa hesabu ya adrenalini, amri ikikoma, baada ya dakika kumi huwa imebaki kiasi cha sehemu moja ya kumi na sita. Mtu ambaye saa moja baadaye bado anatetemeka hatetemeki kwa mabaki ya amri ya kwanza. Ametuma nyingine. Amelikumbuka neno aliloambiwa, ameuona tena uso wa aliyemwambia, amepanga jibu alilopaswa kutoa, na kila mara neva zimeipelekea tezi amri mpya. Ile ridhaa ya Seneca, basi, haitolewi mara moja tu. Hutolewa tena na tena, na kila inapotolewa mtu anakuwa mwenye hasira yake zaidi kuliko alivyokuwa mwanzoni. Hapa ndipo sheria inayohesabu muda ina haki yake: saa moja ya hasira ina kauli nyingi ndani yake, hata kama mwenyewe anaihisi kuwa tukio moja.

Dakika za mwanzo ni ngumu zaidi kuhukumu. Ndani yake mkosaji huenda ameshaondoka, lakini damu bado imejaa homoni, na moyo unaodunda hudhaniwa kuwa shahidi wa ukubwa wa dhuluma. Majaribio ya Dolf Zillmann katika miaka ya 1970 yalionyesha kwamba watu waliotoka kwenye mazoezi ya mwili, wakichokozwa, hulipiza kwa ukali zaidi, ingawa joto la miili yao lilitokana na baiskeli ya mazoezi. Katika kipindi hicho mtu hawezi kulaumiwa kwa hali ya damu yake, kwa kuwa hakuna nia inayoweza kuiita homoni irudi. Anachoweza kuulizwa ni kama alijua kwamba yumo katika kipindi hicho na alichoamua ndani yake. Amri ya kuketi, katazo kwa kadhi, na agizo la Paulo kwa Waefeso kwamba jua lisichwe mtu angali na hasira, yote huweka mpaka kwenye muda wa hasira. Hayamtaki mtu asishtuke. Yanamtaka aahirishe uamuzi na asiilishe hasira.

Wapo ambao saa zao haziendi kama za wengine. Uvimbe wa nadra wa kiini cha adrenali, feokromositoma, humwaga adrenalini na noradrenalini bila kisa, na mgonjwa hukumbwa na mapigo ya moyo, jasho na kuumwa kichwa bila kuudhiwa na yeyote. Aliyepitia vita au kipigo cha muda mrefu huenda neva zake zikalipuka kwa mlio wa mlango tu. Sheria za Tanzania na Kenya hupima uchokozi kwa mtu wa kawaida, na kipimo hicho hakiwezi kumwona mtu wa namna hii vizuri. Kwake, hatua ya kwanza isiyo ya hiari ni ndefu zaidi na ya pili huanza kwa kuchelewa, na anayempima kwa dakika za mwingine anamdhulumu.

Kwa hakimu au kadhi mbele ya kesi halisi, damu iliyokuwepo siku ile haipo tena ya kupimwa. Kinachobaki ni maswali: muda gani ulipita kati ya neno na tendo, mshtakiwa alikuwa wapi katika muda huo, aliketi au alifuata silaha, alizungumza na nani, alirudia neno hilo mara ngapi, na je, kuna ugonjwa au historia inayobadili maana ya muda huo kwake.